Nilisoma insha ya mwanafunzi kwa sauti darasani, mama yake akaitwa mwizi wa mwani

Wakuu, kwema huko mliko?

Najua humu mtu akitaja kisa cha kweli kuna watu wanakimbia kubandika sufuria ya chai, yaani umetunga. Bandikeni tu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na sehemu kubwa ya kisa sionekani mtu wa maana. Ningekuwa natunga ningejitunga shujaa.

Majina nimebadilisha. Kisiwa sijabadilisha, ni Mafia.

Mimi ni mwalimu kwenye chuo kimoja cha kati pale Kilindoni. Nafundisha Communication Skills, lile somo ambalo wanafunzi wanaliona la kujazia ratiba. Kwetu ni Njombe. Nilipopangiwa Mafia nililia, sioni haya kusema. Mtu wa baridi na viazi, kuogelea sijui, nikapanda kile kindege nimefumba macho mwanzo mwisho.

Sasa hivi ukiniambia nihame tutagombana.

Turudi kwenye kazi. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana kuandika, na mwaka wa kwanza pale nilikuwa nafundisha kama nilivyofundishwa. Utangulizi, kiini, hitimisho. Nikiwapa kichwa cha insha, wananiletea kurasa tatu zilizotolewa mtandaoni, zote zinafanana mpaka makosa. Siku moja nilisahihisha insha kumi na moja zenye mfano uleule wa mkulima wa ngano. Mafia! Ngano ya wapi?

Nilikasirika, nikafunga madaftari. Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua.

Kilichonifungua macho ni kelele za kantini. Wale wale wasioweza kuandika aya moja, nikawakuta wanabishana kuhusu talaka iliyotumwa kwa meseji. Ni talaka au si talaka? Mmoja anatoa hoja za madrasa, mwingine anataja sheria ya ndoa, binti mmoja anauliza je kama simu ilikuwa kwa shemeji. Hoja zimepangika, mifano ipo, hakuna aliyekopi popote.

Nikasema basi, dawa ni hii.

Semista iliyofuata kila wiki tukawa na mdahalo. Mada lazima iguse mambo matatu: dini yako inasemaje, sheria ya nchi inasemaje, na wewe mwenyewe moyoni unaonaje. Mnabishana kwa Kiswahili mpaka mishipa ya shingo itoke, halafu mnakwenda kuandika. Rasimu ya kwanza kwa Kiswahili, Kiingereza baadaye. Baadhi ya walimu wenzangu walinicheka wakasema nimefungua baraza la kahawa.

Fikirieni, mimi Mlutheri wa Njombe nimekaa mbele nasimamia mdahalo wa talaka na mirathi. Nilikuwa najifunza kuliko wao.

Swali la tatu ndilo lililokuwa gumu. Dini wanaijua tangu wadogo. Sheria wanaisaka kwenye simu. Ukimwambia "wewe unaonaje", mtu anaangalia dari.

Kwa hiyo nikawapa ahadi, na hapa naomba mnisome vizuri. Nikasema: "Andikeni ukweli wenu. Msomaji ni mimi peke yangu."

Mada ya wiki ya sita ilikuwa hii: kilichookotwa pwani ni mali ya nani?

Wakuu, siku ile darasa lilichemka. Watoto wa visiwani kila mmoja ana chake alichookota. Mwingine dumu, mwingine boya, mwingine mbao. Wa madrasa wakasema mali ya kuokota lazima itangazwe ndipo uitumie.

Akasimama kijana mmoja, nimwite Murtaza. Familia yake ni Wahindi wa Kilindoni, wana duka tangu zamani, wanauza kamba, misumari na vifaa vya wakulima wa mwani. Anaongea Kimafia kuliko Wamafia wengine. Yeye alishika upande wa sheria. Akasema ukiokota kitu na mwenyewe unaweza kumpata kwa kuuliza tu, ukanyamaza nacho, huo ni wizi kama wizi mwingine. Wakampigia makofi.

Kulikuwa na binti mmoja kona ya nyuma, nimwite Tatu. Anatoka Kiegeani, na darasani alikuwa peke yake kutoka huko. Hakusema neno siku hiyo. Jumatatu akaniletea insha.

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikajikuta nimekaa.

Ameandika kuhusu mama yake. Kwa wasiojua, mwani unalimwa baharini kwenye maji madogo. Akina mama wanapigilia vigingi, wanafunga kamba, halafu kila shina la mwani linafungwa kwenye ile kamba kwa vijikamba laini vinavyoitwa tai-tai. Upepo wa kusi ukivuma sana, mwani unakatika na kuelea hadi ufukweni.

Tatu aliandika kwamba shamba la mama yake lilivurugwa na kusi, akabaki na vigingi vitupu. Tangu hapo mama yake akawa anatoka alfajiri kuokota mwani uliokatika. Mwingine umelegea, hauna chochote. Lakini mwingine umekatika na kipande cha kamba na tai-tai zake, na tai-tai zile si za mama yake.

Mwisho wa insha uliandikwa hivi, nanukuu kwa ruhusa:

"Mama hukata tai-tai za zambarau kwa kisu kidogo, huzifunga kwenye pindo la kanga, kisha huniambia bahari imetuletea. Nami nasema alhamdulillah. Lakini bahari haifungi mafundo."

Nina miaka minane kazini. Sijawahi kupokea sentensi kama hiyo.

Na hapo ndipo mwalimu wenu akaharibu.

Kesho yake saa nne asubuhi nikaingia darasani na furaha yangu. Nikasema leo nataka msikie maana ya kuandika, jina la mwandishi silitaji. Nikasoma yote, kwa madaha, kama mtangazaji. Nilipofika kwenye tai-tai nikasimama kabisa nikawaambia: "Mnaona? Hajaandika kamba tu. Ameandika zambarau! Andikeni kitu kinachoonekana!"

Ile ahadi yangu ya msomaji ni mimi peke yangu haikunijia kichwani hata kidogo.

Murtaza akanyoosha mkono, uso umejaa furaha ya mtu aliyepata jibu. Akasema: "Sir, tai-tai za zambarau tulileta bunda moja tu. Akalichukua lote Bi Zuhura wa Kiegeani."

Wachache wakacheka. Halafu kicheko kikakatika chenyewe. Darasa zima likageuka kuangalia kona ya nyuma, maana anayetoka Kiegeani ni mmoja.

Tatu alifunga daftari, akachukua mkoba, akatoka. Hakukimbia. Ningependa angekimbia au angenitukana, lakini alitembea tu kama mtu anayewahi kipindi kingine.

Wakuu, mnajua kisiwa. Habari haisubiri gari. Kabla ya adhuhuri kulikuwa na ujumbe kwenye grupu la darasa, na kabla ya alasiri Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni kwa mama Tatu huku majirani wanasikiliza. Neno lililotumika ni mwizi. Kikundi cha wakulima wa mwani kikamwambia mama Tatu asiingie shambani mpaka kikao kikae.

Jioni Tatu akanitumia meseji. "Mwalimu sirudi chuo. Usinitafute."

Mtihani wa semista ulikuwa wiki tatu mbele. Chuoni kwetu asiyefanya bila sababu ya hospitali anaanza mwaka upya, na nilijua kabisa huyu binti akikaa mwaka mzima nyumbani harudi tena.

(Samahani, umeme ulikata. Naendelea.)

Nifanyeje? Mwenzangu mmoja akaniambia nisijisumbue, mwanafunzi ni mmoja, watasahau. Nusura nikubaliane naye. Kwa siku mbili nilijiambia sikutaja jina, kwa hiyo kosa si langu, kosa ni la Murtaza na mdomo wake. Mtu mzima akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Siku ya tatu Murtaza akaja ofisini. Amevimba macho. Akasema: "Sir, mimi nilitaka kuonyesha akili tu. Nataka kwenda kuomba radhi ila naogopa kwenda peke yangu."

Kijana wa miaka ishirini amefika kabla yangu pale nilipotakiwa kufika mimi. Niliona aibu. Tukapanda pikipiki yake tukaenda Kiegeani.

Tulimkuta mama Tatu barazani anasuka ukili wa mkeka. Nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba bila kuinua macho. Akatuwekea mkeka, maana heshima ya mgeni hainyimwi hata mgeni mwenyewe akiwa kero. Nikaanza hotuba yangu ya radhi niliyoipanga njia nzima.

Akanikata. "Mwalimu, hayo baadaye. Wasema mwanangu kaandika. Mie sijayasikia, nayasikia kwa watu. Hebu nisomee."

Nikasema mama, haitakuwa vizuri.

"Umewasomea watoto wa watu darasa zima. Mie mwenyewe ndo isiwe vizuri?"

Nikaitoa ile karatasi, nikasoma. Safari hii bila madaha. Nilipofika kwenye mafundo nikasoma polepole nikitamani karatasi iishe kabla.

Mama Tatu aliacha kusuka. Akaita kuelekea ndani: "Tatu. Siku zote ulikuwa wajua?"

Tatu akajibu kutoka nyuma ya pazia. "Nilikuwa najua, mama."

"Mbona hukuniambia mie, ukenda kumwambia mwalimu?"

"Mwalimu aliniuliza naonaje."

Murtaza akainamisha kichwa. Mimi nikaangalia kuku. Ndipo nilipoelewa lile swali langu la tatu, ambalo nilikuwa naliona mbinu ya kufundishia, lina uzito gani ukilitoa darasani ukalipeleka nyumbani kwa watu.

Yule mama akasema, kama anaongea na ukili wake: "Ulofika mchangani umelegea, sote twaokota, halina ubishi hilo. Ila wenye tai-tai nilijua wa nani. Nilianza kwa fungu moja, nikasema kesho ntamwambia Zuhura. Kesho ikawa kesho."

Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akamwambia Tatu vaa twende kwa Bi Zuhura. Nikanyanyuka na mimi, nikidhani ni kazi yangu kuongoza msafara.

"Wewe kaa hapo hapo, mwalimu. Ushasema vya kutosha."

Nikakaa.

Walirudi baada ya saa nzima. Sikujua waliongea nini, mpaka leo sijui, na nimejifunza kutouliza. Nilichoambiwa ni kwamba kikao cha kikundi ni Jumamosi asubuhi, na mimi na Murtaza tunatakiwa tuwepo kwa kuwa sisi ndio tuliochokoza.

Jumamosi tukaenda. Akina mama kama ishirini wamekaa penye chanja za kuanikia mwani. Bi Zuhura ni mtu mnene, sauti yake inafika mbali, na alianza kwa hasira. Hakuwa na mpango wa kusamehe kwa maneno matamu. Alisema anachotaka ni mabamvua mawili, yaani zile siku ambazo maji yanakupwa sana na shamba linaingilika, mama Tatu aje afunge mwani kwenye kamba zake. Mama Tatu akasema nimekubali. Basi, upande huo ukaisha kwa dakika tano, mimi nikashangaa.

Ubishi ukaanza pale mmoja alipouliza: na kusi nyingine je? Maana ilionekana si mama Tatu tu aliyewahi kukuta tai-tai za mwenzake. Wengi walianza kuangalia mchanga.

Kelele zikapanda. Wengine wanasema kila kilichoelea ni riziki. Wengine wanasema hata jani likikatika ni la mwenyewe.

Bi Zuhura akamgeukia Tatu aliyekuwa amejibanza nyuma ya mama yake. "Haya, wewe msomi wa kuandika watu. Simama. Dini yasemaje?"

Nilidhani atalia. Akasimama. Sauti ilikuwa ndogo lakini hoja zilikuwa zimepangika, wakuu, nilitamani kupiga kelele. Akasema kwa dini cha kuokota hutangazwa. Kwa sheria, ukiweza kumjua mwenyewe ukanyamaza, umeiba. Akasema: "Na mimi naona tusimwachie mtu peke yake na siri yake alfajiri. Tuweke mahali pa kuweka."

"Tutangaze wapi, redioni?" mmoja akadakia, wakacheka. Kicheko kile kilinifurahisha kuliko makofi.

Wakapanga wenyewe. Mwani uliolegea ni wa aliyeokota. Wenye tai-tai unatundikwa kwenye chanja moja ya pembeni, kila mtu auone, mpaka bamvua liishe. Mwenyewe akija achukue, asipokuja ni wa aliyeokota. Kila kikundi kidogo kiwe na rangi yake. Murtaza akaahidi kwamba dukani kwao wataleta rangi za kutosha, akaulizwa na Bi Zuhura kama ataweza kufunga mdomo wake kuhusu nani kanunua ipi. Akaapa.

Tatu akapewa daftari la kikundi aandike. Akaandika, akawasomea. Kulikuwa na mstari unaosema mtu atakayekata tai-tai za mwenzake "atahesabiwa mwizi".

Bi Zuhura akasema futa hapo.

"Uandike aliyechukua. Mwizi nilisema mie siku ile nina hasira, na mwenzangu bado analibeba. Sitaki liingie daftarini."

Wakabishana juu ya neno lile moja kwa muda mrefu kuliko darasa langu lilivyowahi kubishana juu ya insha nzima. Mmoja akasema aliyechukua ni laini mno. Mwingine akasema aliyeficha. Mwishowe wakakubaliana na "aliyechukua bila kutundika". Tatu akafuta, akaandika upya, akasoma tena.

Nilikuwa nimekaa kwenye mchanga na shati langu la ofisini. Miaka minane nafundisha watu kuhariri na sikuwahi kuona watu wakihariri kwa sababu mtu aliye mbele yao ataishi na neno hilo. Machozi yalinitoka. Nikasingizia jua.

Jumatatu Tatu alikuwa kwenye kiti chake. Kabla ya kipindi nikasimama mbele ya darasa nikasema nilivunja ahadi, nikamwomba radhi mbele ya wale wale niliomwaibisha mbele yao. Mkuu wa idara naye aliniita, nikaandikishwa maelezo, midahalo ikasimamishwa kwa muda. Ilirudishwa baada ya wanafunzi wenyewe kuandika barua ya kuitetea. Barua nzuri, haina mkulima wa ngano hata mmoja.

Mtihani alifanya, akafaulu. Sasa yuko mwaka wa pili, na siku za Jumamosi ndiye katibu wa kile kikundi. Mama yake ana kamba zake tena baharini, rangi ya chungwa.

Tatu aliniletea insha nyingine kabla ya likizo. Juu kabisa ameandika: "Hii usimsomee mtu." Imo kwenye droo yangu. Ni nzuri kuliko ile ya kwanza, na hamtasikia zaidi ya hapo.

Somo nililopata, hasa kwa walimu wenzangu: ukimwambia mtu aandike ukweli, ujue ukweli huo una mama, una jirani, una mtu wa kukutana naye kisimani kesho. Midahalo ya dini na sheria inafundisha kuandika kuliko kitabu chochote nilichotumia, sitaiacha. Lakini kabla hujaufungua mdomo wa mwanafunzi, hakikisha wako unafungika.

Kuna mwalimu humu amewahi kuvunja siri ya mwanafunzi bila kukusudia? Ulirekebishaje? Na wale wa pwani, kwenu mwani uliokatika mnaugawaje? Leteni, nasoma comment zote, hata za wanaonikandia, mnayo haki.

Jambo la mwisho. Kabla ya kupandisha uzi huu nilikwenda Kiegeani nikamsomea mama Tatu wote, neno kwa neno, maana bila yeye kukubali usingepanda. Alisikiliza mpaka mwisho. Pale nilipoeleza nilivyosoma insha darasani nilikuwa nimeandika kwamba nilifanya kosa dogo.

Akasema, "Futa dogo."

Nimefuta.